Sura ya Tano: Mwenye Matbaa Yake

Mwezi Septemba 1848, mjini Köln kando ya mto Rhine, mwanamke wa miaka 31 alikuwa akiendesha gazeti kutoka ndani ya nyumba yake. Mtambo wa chapa ulikuwa humohumo walimolala watu. Mumewe alikuwa gerezani tangu Julai, na mtoto wa kiume aliyezaliwa muda mfupi baada ya baba kukamatwa alikuwa bado ananyonya. Gazeti liliitwa Neue Kölnische Zeitung, la wafanyakazi, na lilikuwa na majuma mawili tu tangu kuzaliwa pale serikali ya Prussia ilipotangaza hali ya hatari mjini na kuyafungia magazeti. Mwanamke huyo hakuuzima mtambo. Siku iliyofuata alitoa gazeti lingine lililoitwa Frauen-Zeitung, yaani gazeti la wanawake, akitumaini kwamba wakaguzi wakisoma jina watadhani ni habari za mapishi na kudarizi. Lilitoka matoleo mawili. La tatu likakamatwa.

Jina lake Mathilde Franziska Anneke. Wajerumani zaidi ya milioni 5 walihamia Marekani katika karne ya 19, na karibu nusu yao walikuwa wanawake: wake wa wakulima waliokata misitu ya Wisconsin na Missouri, wasichana wa kazi za ndani huko New York na St. Louis, wafuaji, washonaji, wake wa wenye viwanda vya bia. Wengi hawakuacha maandishi zaidi ya barua chache walizotuma nyumbani, na yeyote anayeandika kuhusu wahamiaji hana budi kuwakumbuka hata pale anapomzungumzia mmoja. Nimemchagua Mathilde kwa sababu yeye aliandika, tena aliandika sana, na kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo ambalo historia za uhamiaji hulipita haraka: nchi mpya haikumpokea mwanamke kwa masharti yaleyale iliyompokelea mume aliyeshuka naye kutoka meli moja.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1817 katika eneo la Westfalen, kifungua mimba katika familia ya watoto kumi na wawili. Baba yake alikuwa mtu wa mali, na utoto wa Mathilde ulikuwa wa farasi, vitabu na mashamba. Kisha baba akaingiza fedha katika mradi wa reli, fedha zikapotea, na madeni yakaja. Mwaka 1836, akiwa na miaka 19, Mathilde aliolewa na Alfred von Tabouillot, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa na uwezo wa kuiokoa familia na wadai wake. Bwana huyo alikuwa mlevi na alimpiga. Baada ya mwaka mmoja hivi Mathilde alimchukua binti yake mchanga, Fanny, akaondoka.

Kuondoka kulichukua siku moja; talaka ilichukua miaka. Kesi ilivutwa hadi 1843, na mahakama ilimhesabia kosa yeye, kwa kuwa ndiye aliyehama nyumba ya mume na kukataa kurudi. Kwa sheria ya Prussia ya wakati ule, kipigo kilipimwa, kikajadiliwa, na kikaonekana hakitoshi. Mathilde aliingia mahakamani akiwa binti wa Kikatoliki anayetaka tu kuachwa kwa amani, akatoka akiwa anaifahamu sheria kuliko alivyowahi kutamani. Nadhani hapo ndipo palipozaliwa mwanamke aliyekuja kusimama majukwaani New York. Vitabu vya falsafa vilikuja baadaye.

Kwanza ilibidi ale, na mtoto wake ale. Akiwa mjini Münster alitunga vitabu vya sala kwa ajili ya wanawake Wakatoliki, akahariri mikusanyo ya mashairi, akaandika tamthilia iliyochezwa jukwaani 1842, akatafsiri, akapeleka makala kwenye magazeti makubwa ya Köln na Augsburg. Yule yule aliyeandika sala za kuwafariji wake wenye subira alianza kujiuliza subira hiyo inamnufaisha nani. Mwaka 1847 alijibu kwa maandishi. Mwandishi Louise Aston alikuwa amefukuzwa Berlin kwa kuvaa suruali, kuvuta sigara na kusema wazi kwamba haamini mambo ya dini. Mathilde akamtetea kwa insha ndefu kuhusu mwanamke anavyogongana na hali za jamii. Katika insha hiyo aliachana na Kanisa lililomlea, na hakurudi.

Mwaka huohuo aliolewa na Fritz Anneke, ofisa wa mizinga aliyefukuzwa katika jeshi la Prussia kwa sababu ya siasa zake. Safari hii alijichagulia mwenyewe. Walihamia Köln, wakaanzisha chama cha wafanyakazi pamoja na daktari Andreas Gottschalk, na mapinduzi ya 1848 yakawakuta katikati ya jambo. Fritz alikamatwa, akakaa ndani miezi kadhaa, akaachiwa na mahakama mwezi Desemba. Karl Marx, aliyekuwa akitoa gazeti lake katika mji huohuo, alipofungiwa Mei 1849 aliwaelekeza wasomaji wake kwenye gazeti la akina Anneke. Wakati huo Fritz alikuwa tayari anakimbilia kusini, ambako watu wa Baden na Palatinate walikuwa wameshika silaha kudai katiba.

Mathilde alimfuata. Alipanda farasi, bila silaha, akawa mpeleka ujumbe wa mumewe aliyeongoza mizinga ya waasi. Kijana mmoja wa miaka 20 aliyekuwa msaidizi wa Fritz katika vita hivyo, Carl Schurz, alimtaja kwa heshima kubwa katika kumbukumbu zake za uzeeni, na jina la Schurz msomaji alihifadhi, tutalirudia. Magazeti ya adui yalimchora Mathilde kama kituko: mwanamke juu ya farasi katikati ya mizinga. Yeye mwenyewe aliona haja ya kuwaeleza wanawake wenzake kwa nini alikwenda, na kumbukumbu zake za vita hivyo, zilizochapishwa Newark, Marekani, mwaka 1853, zinaanzia na maelezo hayo. Vita vyenyewe vilidumu majuma machache. Wanajeshi wa Prussia waliizingira ngome ya Rastatt, ikaanguka Julai 1849, na baadhi ya waliokamatwa wakapigwa risasi. Akina Anneke walivuka mpaka kuingia Ufaransa, wakaenda Uswisi, kisha wakafika bandari ya Le Havre na kupanda meli ya kwenda New York mwishoni mwa mwaka.

*

Waliokimbia baada ya kushindwa huko waliitwa na Wamarekani Watu wa 48. Walikuwa maelfu machache tu ndani ya wimbi kubwa sana. Viazi vilikuwa vimeoza mashambani, mashamba yamegawanywa vipande vidogo mno kutosha urithi, mafundi wa mkono wanashindwa na viwanda. Katika mwaka 1854 pekee Wajerumani zaidi ya 200,000 walishuka Marekani. Safari ya tanga ilichukua majuma matano hadi manane, na wenye nauli ndogo walilala tabaka la chini ya sitaha, familia kwa familia, katika giza na harufu ya matapishi. Wanawake wajawazito walijifungua humo.

Mwaka 1850 akina Anneke walifika Milwaukee, mji wa kando ya Ziwa Michigan katika jimbo la Wisconsin, ambako Mathilde alikuwa na jamaa. Wajerumani walikuwa wengi kiasi kwamba mtu angeweza kuishi pale miaka bila kusema Kiingereza: magazeti ya Kijerumani, kwaya za Kijerumani, vyama vya mazoezi ya viungo, maduka ya mikate, viwanda vya bia. Mathilde alianza kutoa mihadhara kwa lugha yake miezi michache tu baada ya kufika, kuhusu fasihi na siasa za nyumbani, na watu walilipa kumsikiliza.

Wisconsin lilikuwa limekuwa jimbo miaka miwili tu kabla, 1848, na katiba yake ilikuwa na ukarimu wa aina yake. Mzungu wa kigeni aliyeishi jimboni mwaka mmoja na kutangaza nia ya kuwa raia aliruhusiwa kupiga kura. Alitakiwa tu awe mwanamume. Kwa hiyo mkimbizi wa kisiasa aliyeshuka juzi, asiyejua Kiingereza vizuri, alikuwa mpigakura mapema kuliko alivyotarajia. Mke wake, aliyekuwa ameendesha gazeti chini ya udhibiti wa Prussia na kupanda farasi chini ya mizinga, hakuwa chochote mbele ya msimamizi wa uchaguzi. Binti zake wangekuwa vivyo hivyo hata kama wangezaliwa Milwaukee. Sisomi popote kwamba jambo hili lilimshangaza, lakini ndilo alilolishughulikia kwa miaka thelathini na zaidi iliyobaki.

Alianza na kile alichokijua. Machi 1852 lilitoka toleo la kwanza la Deutsche Frauen-Zeitung, gazeti la kila mwezi la wanawake wa Kijerumani, la kwanza la aina yake Marekani kumilikiwa na kuhaririwa na mwanamke. Halikuwa gazeti la mitindo. Lilidai elimu kwa wasichana, kazi zenye ujira kwa wanawake, haki ya kupiga kura, na lilisema wazi kwamba mwanamke anayemtegemea mtu mwingine kwa kila kipande cha mkate hana hiari hata ndani ya moyo wake. Na kwa kuwa aliamini alichokiandika, aliajiri wanawake kupanga herufi.

Kupanga herufi ilikuwa kazi ya ufundi: kuchukua vipande vidogo vya risasi kimoja kimoja kutoka kasha, kuvipanga kinyumenyume katika mstari, kusoma mstari huo kwa jicho lililozoea kuona maandishi yamegeuzwa. Ilitaka vidole vyepesi na shule kidogo, na mwanamke angeweza kuifanya sawa na mwanamume. Hilo ndilo lililowatia hofu wapiga chapa wa Kijerumani wa Milwaukee. Waliungana, wakaunda chama, na mojawapo ya shughuli zake za awali ilikuwa kuwaondoa wanawake kwenye makasha ya herufi. Walifaulu. Mathilde alipoteza mahali pa kuchapia gazeti lake katika mji huo.

Ningependa msomaji atazame vizuri ni nani waliomfungia safari hii. Köln alifungiwa na polisi wa mfalme. Milwaukee alifungiwa na wanaume waliokimbia polisi hao hao, wengine wakijiita wapigania uhuru, waliokuwa wakiadhimisha kila mwaka kumbukumbu ya mapinduzi aliyoshiriki. Hofu yao ilikuwa na sababu ya kiuchumi, kwa kuwa wamiliki wa matbaa kote duniani walizoea kuwalipa wanawake ujira mdogo na kuutumia kushusha wa wanaume. Chama kingeweza kudai ujira sawa kwa wote. Kilichagua kufunga mlango.

Mathilde alifunga mizigo, akazunguka miji ya mashariki akihutubia na kuandikisha wasomaji, akaihamishia familia karibu na New York, kisha Newark, New Jersey. Huko aliliendeleza gazeti lake, na Fritz akawa na gazeti lake pia, Newarker Zeitung. Frauen-Zeitung ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1850. Nakala chache mno ndizo zilizobaki duniani; karatasi zilizobeba kazi ya miaka ile ziliishia zilikoishia karatasi za jikoni.

*

Tarehe 6 na 7 Septemba 1853, wanawake wapigania haki walikutana katika ukumbi wa Broadway Tabernacle, New York, Lucretia Mott akiwa mwenyekiti. Mji ulikuwa umejaa wageni waliokuja kwa maonyesho makubwa ya dunia, na makundi ya wanaume yalilipa kiingilio ili kuja kuzomea. Mkutano huo umebaki katika historia kwa jina la mkutano wa ghasia. Sojourner Truth alisimama, mwanamke mrefu mweusi aliyezaliwa utumwani katika jimbo hilohilo la New York, akazomewa, akawaambia wazomeaji kwamba wanawake watazipata haki zao watake wasitake.

Mathilde naye alipanda jukwaani. Kiingereza chake hakikumtosha kuhutubia, akasema kwa Kijerumani, na Ernestine Rose, binti wa rabi kutoka Poland, akamtafsiria. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba aliwahi kukatishwa zaidi ya mara moja. Alichotaka kukisema kilikuwa kifupi: kwamba anatoka katika nchi ambako wote, wanaume kwa wanawake, wamenyimwa ruhusa ya kusema, kwamba aliivuka bahari akiamini huku atasikilizwa, na sasa ndani ya New York anazuiwa kufungua kinywa. Wendell Phillips, mpinga utumwa maarufu kutoka Boston, alisimama kuwakumbusha wenye kelele kwamba mama huyu aliikabili mizinga kwa ajili ya uhuru. Hawakunyamaza.

Tazama waliokuwa jukwaani siku hizo mbili. Lugha ya kwanza ya Sojourner Truth ilikuwa Kiholanzi, kwa kuwa waliommiliki utotoni walikuwa Waholanzi. Rose alijifunza Kiingereza ukubwani. Mathilde alihitaji mkalimani. Harakati ambayo vitabu vingi huisimulia kama kazi ya mabibi wa kizungu waliozaliwa Marekani na kusali katika makanisa ya Kiprotestanti ilibebwa pia na watu kama hawa, na wao ndio waliozomewa zaidi.

Miaka ya Newark ilimalizika vibaya. Mathilde alizaa watoto kadhaa na Fritz, wakiwemo mapacha. Mwaka 1858 ndui iliingia nyumbani. Waliobaki kati ya watoto wake na Fritz walikuwa wawili tu, Percy na Hertha. Fanny wa ndoa ya kwanza alikuwa tayari mtu mzima. Chanjo ya ndui ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya miaka sitini, lakini haikuwaokoa watoto hao. Mwaka huo familia ilirudi Milwaukee, na barua zake za baada ya hapo zina uzito ambao zile za mwanzo hazikuwa nao.

Milwaukee aliyoikuta ilikuwa imechomwa na suala la utumwa. Machi 1854, Joshua Glover, mtu aliyetoroka utumwani Missouri, alikamatwa jirani na mji wa Racine na kufungwa Milwaukee. Umati ukavunja mlango wa gereza, akafikishwa Kanada akiwa huru. Mhariri Sherman Booth alishtakiwa kwa kuuchochea umati huo, na kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya nchi. Wapinga utumwa walimwona shujaa. Mathilde alikuwa upande huohuo wa siasa, lakini rafiki wa moyo wake alikuwa mke wa Booth, Mary, mshairi. Mwaka 1859 Booth alishtakiwa tena, safari hii kwa kumharibu msichana wa miaka 14 aliyekuwa akiwaangalia watoto wake. Baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana, na Booth akaendelea na siasa zake. Mary hakuweza kuendelea naye.

Mwaka 1860 wanawake hawa wawili waliwachukua watoto wao wakavuka bahari kinyume, hadi Zürich. Fritz alikuwa ametangulia Ulaya kuripoti vita vya Garibaldi nchini Italia. Mwaka uliofuata alirudi Marekani kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tangu hapo ndoa yao iliishi zaidi katika barua. Mathilde na Mary walibaki Zürich wakiandika kwa ajili ya chakula: ripoti kwa magazeti ya Ujerumani na ya Wajerumani wa Marekani, na hadithi. Wahariri walichelewa kulipa. Barua za miaka ile zimejaa hesabu za kodi ya nyumba na kuni. Zimejaa pia mapenzi makubwa kati ya marafiki wawili, ya aina ambayo wanahistoria hadi leo hawakubaliani waiweke wapi.

Hadithi alizoziandika Mathilde wakati huo zinahusu utumwa, na mtu anayemjua atagundua mara moja jicho lake lilielekea wapi. Aliandika kuhusu mnada wa watumwa, na kuhusu wanawake waliofungwa na minyororo miwili, wa kuuzwa na wa kutamaniwa na bwana. Aliyekuwa amekaa miaka sita mahakamani akidai ruhusa ya kumwacha mume mkatili hakuhitaji kuelezwa maana ya sheria inayompa mtu mmoja mamlaka juu ya mwili wa mwingine. Hakudai kwamba hali yake ilikuwa sawa na ya mtumwa, na namheshimu kwa hilo, kwa kuwa wengi wa zama zake walidai hivyo kwa urahisi. Lakini zilibaki hadithi za mwanamke wa Kizungu kuhusu wanawake weusi, na mara nyingi mashujaa wake weusi huongea kama wahusika wa riwaya ya Kijerumani.

Mary alirudi Marekani akiwa mgonjwa, akafariki Aprili 1865. Mathilde alirudi mwaka huohuo, akiwa na miaka 48, bila mume wa karibu, bila gazeti, bila fedha.

*

Alichokifungua Milwaukee baada ya kurudi, pamoja na mwalimu Cäcilie Kapp, kilikuwa shule ya wasichana, Töchter-Institut. Kapp hakukaa muda mrefu. Mathilde alikaa hadi kufa kwake, miaka karibu ishirini, na kama kuna kazi yake moja iliyogusa maisha ya watu wengi kwa namna ya kuhesabika, ndiyo hii.

Shule za mabinti wa watu wenye nafasi wakati ule zilifundisha kinanda, kudarizi, Kifaransa cha kusalimia wageni, na jinsi ya kuketi. Töchter-Institut ilifundisha historia, jiografia, hesabu, sayansi ya viumbe na mimea, fasihi. Mathilde mwenyewe alifundisha masomo mengi, aliwapikia au alisimamia aliyewapikia wanafunzi wa bweni, aliandika barua kwa wazazi waliochelewesha ada, na usiku alitayarisha hotuba. Wazazi wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kijerumani wasiokubaliana naye hata kidogo kuhusu kura ya wanawake, wala hawakupenda kusikia kwamba hana dini. Walimletea mabinti wao kwa sababu hapakuwa na mwalimu bora zaidi mjini. Kwa gazeti alikuwa amewahutubia waliokwisha kukubali. Kwa shule aliwafikia mabinti wa waliokataa, wakiwa na miaka kumi na miwili, saa sita kwa siku.

Shule haikumtajirisha. Alikopa, alihutubia kwa kulipwa, aliuza maandishi yake, na bado kila msimu wa baridi ulikuja na deni la kuni. Nalisema hili kwa sababu sanamu za mashujaa hutuficha jasho lao la kila siku, na Mathilde alitumia sehemu kubwa zaidi ya maisha yake akitafuta fedha kuliko akitafuta kura.

Kura nayo aliitafuta. Mwaka 1869 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kudai kura ya wanawake Wisconsin, na Mei mwaka huohuo alisimama tena New York, katika mkutano uliopasua harakati nzima kuhusu iwapo wanaume weusi wapewe kura kabla ya wanawake. Safari hii alihutubia kwa Kiingereza. Viongozi wa harakati hiyo, Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton, walimchukulia kama mwenzao, wakamfanya mmoja wa makamu wa rais katika chama chao cha taifa.

Hapa ndipo pagumu pa maisha yake. Stanton, katika hotuba zake za miaka ileile, alilalamika kwamba wanaume wajinga wanapewa kura ilhali wanawake wasomi wananyimwa, na alipotaja wajinga hao aliwaita kwa majina ya kubuni ya kikabila: moja la mweusi, moja la Muairishi, moja la Mchina, na moja Hans. Hans ni Mjerumani. Ni baba wa wanafunzi wa Mathilde. Chuki dhidi ya wageni haikuwa maneno matupu; Agosti 1855 huko Louisville, Kentucky, makundi ya chama cha kupinga wahamiaji yalishambulia mitaa ya Wajerumani na Waairishi siku ya uchaguzi na kuua watu wasiopungua 22. Na wanawake wengi wa Kimarekani waliodai kura walidai pia pombe ipigwe marufuku. Kwa Mjerumani wa Milwaukee, Jumapili ilikuwa siku ya kwenda bustanini na mke na watoto, muziki ukipigwa, kila mtu mzima na bilauri yake ya bia. Aliwasikia mabibi wa Kiprotestanti wakisema watatumia kura zao kuifunga bustani hiyo, akahitimisha kwamba kura ya mwanamke ni rungu la kumpigia yeye.

Mathilde alisimama kati ya pande hizo mbili. Kwa wanawake wa Kimarekani alisema kwamba marufuku ya pombe na chuki ya wageni havina nafasi katika madai ya haki, na kwamba dini iachwe mlangoni. Kwa Wajerumani alisema kwamba walikimbia wafalme, kisha wakajifanya wafalme majumbani. Alipendwa na wachache wa kila upande. Angeweza kunyamaza kuhusu bia na kupata marafiki wengi zaidi Boston, au kunyamaza kuhusu kura na kuheshimiwa kama mwalimu mkuu mjini kwake. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Sasa turudi kwa Carl Schurz. Kijana yule aliyekuwa msaidizi wa Fritz mwaka 1849 naye alikimbilia Marekani, naye akaishi Wisconsin. Mwaka 1861 alikuwa balozi nchini Hispania. Akawa jenerali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, seneta wa Missouri kuanzia 1869, na Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1877. Alikuwa mtu hodari na aliyastahili mengi aliyopata. Mkewe, Margarethe Meyer Schurz, alifungua huko Watertown, Wisconsin, mwaka 1856 shule ya chekechea ya kwanza nchini Marekani, kwa Kijerumani, sebuleni kwake, na wazo hilo likaenea nchi nzima. Watu hawa watatu walitoka katika mapinduzi yaleyale, au pembeni yake, wakiwa na elimu inayolingana. Mmoja alifika katika baraza la mawaziri. Wanawake wawili walifika mbali kadiri sebule na darasa lilivyowaruhusu. Ukiuliza Marekani ilimpa nini Mjerumani aliyehama, lazima kwanza uulize ni Mjerumani yupi.

Fritz Anneke alifariki Chicago mwaka 1872, akitembea usiku, kwa kuanguka katika shimo la ujenzi. Mathilde alimlilia kwa dhati. Katika barua zake hakuwahi kumkana. Mwaka 1876 alipata maradhi ya mkono wa kulia yaliyomwacha asiweze kuutumia tena, na tangu hapo aliandika kwa kuwatamkia wengine. Aliendelea kufundisha. Alifariki Milwaukee tarehe 25 Novemba 1884, akazikwa katika makaburi ya Forest Home. Barua na karatasi zake zimehifadhiwa na Chama cha Historia cha Wisconsin mjini Madison, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ndoa, njaa na mapigano ya Watu wa 48 upande wa majumbani inatoka humo.

Mwaka 1912 wanaume wa Wisconsin waliulizwa kwa kura kama wanawake wa jimbo lao wapewe haki ya kuchagua. Wenye viwanda vya bia walitumia fedha nyingi kupinga, mitaa na vijiji vya Wajerumani vikapinga kwa wingi, na pendekezo likashindwa vibaya. Miaka saba baadaye, marekebisho ya 19 ya Katiba ya Marekani yalipopelekwa kwa majimbo yote, bunge la Wisconsin liliyaidhinisha tarehe 10 Juni 1919, siku moja na Illinois na Michigan, mbele ya majimbo mengine yote ya nchi.